Upekuzi wa Jina la Mume

Mama Kidosho aliikuta barua Jumamosi asubuhi, kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ya mumewe, mikono yake ikiwa tayari imejaa povu. Ilikuwa imekunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa na ukubwa wa kiberiti. Alijifuta mikono kwenye gauni, akaikunjua taratibu isichanike, akaisoma akiwa amechuchumaa kando ya beseni.

Ilitoka kwenye ile kampuni ya maghala. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu hapakuwa na pasi wala redio iliyokufa asiyoweza kuifufua, alikuwa ameitwa huko mwezi uliopita kusailiwa kwa kazi ya msimamizi wa ghala. Mshahara wa mwezi, bima ya matibabu, likizo yenye malipo. Kwa mtu anayeendesha gari la mizigo la mwenzake kwa malipo ya kutwa, siku likiharibika halipwi, hiyo ilikuwa neema. Tangu usaili ule, kila alipoulizwa alijibu kwamba wamesema watapiga simu.

Kumbe hawakupiga, waliandika. Barua ilisema usaili ulikwenda vizuri, lakini katika upekuzi wao jina lake limeonekana kwenye orodha ya watu waliotangazwa na mahakama kuwa wamefilisika. Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kukabidhiwa mali za watu, hawawezi kumwajiri mpaka alete uthibitisho wa mahakama, ama kwamba aliyeandikwa si yeye, ama kwamba amri ile ilishaondolewa. Alete kabla mwezi haujaisha. Na awajulishe ndani ya siku saba kama atafanya hivyo.

Fundi alikuwa sebuleni, ameifungua feni ya jirani tumbo wazi juu ya gazeti. Mkewe alimwekea barua juu ya skrubu zake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko muda wa kuisoma.

"Wamenichanganya na mtu," alisema. "Majina yanafanana."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilitaka nikuepushe na presha."

Alimuuliza kama amewajibu. Akasema amewajibu. Mama Kidosho akasema basi, kama ni majina yamefanana, dawa yake ndogo: mtu anakwenda mahakamani, anatafuta hilo jalada, anaonyesha kwamba huyo ni mwingine, yamekwisha. Fundi akajibu kwamba mahakama ni mahali pa kumaliza soli za viatu, kazi nyingine zitatokea. Lakini mkewe alishaamua. Miaka tisa ya ndoa alikuwa amemwona mwanamume huyu akirudi nyuma kila mlango ulipofunguliwa nusu, na aliamini ni unyonge wa kuzaliwa. Safari hii, alijiambia, ataingia yeye kwa niaba yake.

Mama Kidosho alikuwa mshonaji kwenye duka la mapazia. Wiki ile walikuwa na oda ya hoteli, madirisha sitini, kila dirisha pazia zito na jepesi. Alipoomba ruhusa, bosi wake hakumkatalia. Alisema tu kwamba siku atakayotoka hatamwandikia malipo, na wenzake wawili kwenye vyerehani wakainamisha vichwa, maana pindo zake zingewaangukia wao.

Alianza na mahakama ya karibu na nyumbani, kwa kudhani mahakama ni mahakama. Alipanga foleni dirishani tangu saa mbili. Saa nne karani akamsikiliza bila kuinua uso, kisha akamwambia kwamba pale wanashughulika na wezi wa kuku na majirani waliopigana. Habari za kufilisika ziko Mahakama Kuu, mjini.

Langoni Mahakama Kuu askari aliupekua mkoba wake, akatoa futi ya kupimia, kisha mkasi mkubwa wa kazi. Akauinua juu watu wote wauone.

"Mama, unakwenda kumkata nani humu?"

Watu wakacheka. Hata yeye alijaribu kucheka. Mkasi ukabaki kwenye droo ya askari, naye akaelekezwa masjala, ghorofa ya kwanza, mwisho wa ukumbi, chumba chenye harufu ya karatasi za zamani na kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu.

Karani wa masjala alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alimuuliza namba ya shauri. Hana. Mwaka. Hajui. Mahakama iliyotoa amri. Hajui pia. Karani akavuta pumzi, si kwa ukali, bali kama mtu aliyekwisha kuuliza maswali hayo mara nyingi tangu asubuhi.

"Una nini, dada yangu?"

"Nina jina."

Jina lilitosha, lakini kwa kazi ndefu. Kompyuta yao ilikuwa na mashauri ya miaka sita tu ya karibuni. Karani aliandika jina, akatikisa kichwa. Ya nyuma yamo kwenye vitabu, akasema, na vitabu haviulizwi, vinasomwa. Kwanza ajaze fomu ya kuomba upekuzi, kisha akalipe ada benki ng'ambo ya barabara, arudi na risiti. Mama Kidosho alijaza fomu, akafika benki, akapanga foleni, akalipa. Aliporudi akakuta mlango umefungwa kwa chakula cha mchana. Alikaa kwenye benchi ukumbini, akala andazi lake nusu nusu ili lidumu.

Saa nane walimpa kitabu cha kwanza. Kila mwaka ulikuwa na kitabu chake, kizito kama tofali, mistari imeandikwa kwa mkono, na mkono wenyewe haukuwa mmoja: mwandiko wa mtu aliyejali, halafu wa mtu aliyekuwa na haraka, halafu wa mtu aliyekuwa amechoka kabisa. Aliufuata kila ukurasa kwa ncha ya kidole. Kulikuwa na wauza vipuri humo, wenye mabasi, mwalimu mmoja, mama mmoja wa saluni. Alishangaa kuona ni wengi kiasi gani. Mpaka masjala inafungwa alikuwa amemaliza miaka miwili, na mumewe hayumo.

Jioni Fundi alimuuliza amepata nini kabla hata hajavua viatu. Alipomwambia hajapata kitu, aliona uso wa mumewe unalegea, akadhani ni huruma. Fundi akamwambia aache, anapoteza siku zake na pesa za nauli kwa jambo la bure. Kidosho, binti yao wa darasa la pili, akauliza kufilisika ni nini. Baba yake akainuka akaenda kuangalia kitu nje. Sahani yake ikabaki na chakula.

Siku ya pili akasoma miaka mitatu. Hayumo. Macho yalikuwa yanamwasha. Alipokirudisha kitabu cha mwisho, karani alivaa miwani, akauliza anatafuta kwa jina lipi. Mama Kidosho akamtajia jina la mumewe, lile la kwanza.

"Hapa tunaanza kuandika la ukoo," karani akasema. "La kwanza linakuja mwisho. Nilidhani unajua."

Siku mbili za mshahara, nauli mara mbili kwenda na kurudi. Mama Kidosho akaomba kitabu cha kwanza tena.

Alilipata siku ya tatu, kabla ya saa tano, kwenye kitabu cha miaka kumi na moja iliyopita. Jina la ukoo, la baba, la kwanza, yote matatu yalivyo kwenye cheti chao cha ndoa. Kando yake kumeandikwa: mfanyabiashara wa majokofu. Aliposoma hapo alipumua kwa nguvu mpaka karani akageuka.

"Si yeye," alisema, na alikuwa karibu kutabasamu. "Mume wangu hajawahi kuwa na biashara. Hata genge."

Karani akasema vyema, basi liombwe jalada lenyewe. Ndani kutakuwa na namba ya kitambulisho, zikitofautiana atamwandikia barua siku hiyohiyo. Jalada lilikuwa kwenye ghala la chini. Lililetwa baada ya saa nzima, limefungwa kwa utepe, vumbi limegeuka kuwa kama manyoya.

Hakuhitaji kufika kwenye namba ya kitambulisho. Ukurasa wa tatu ulikuwa maelezo ya mdaiwa kwa mkono wake mwenyewe, na Mama Kidosho aliijua ile herufi ya g yenye mkia uliojikunja kama ndoano. Aliiona kila wiki kwenye karatasi ya vitu vya kununua: unga, mafuta ya taa, dawa ya meno ya Kidosho.

Alisoma akiwa amesimama. Fundi na mwenzake walikuwa wamefungua duka la kuuza na kutengeneza majokofu. Walichukua mali kwa mkopo kutoka kwa watu kumi na wanne. Mwenzake akaondoka na fedha za mauzo ya miezi mitatu, saini zilizobaki kwenye madeni zikawa za Fundi peke yake. Kulikuwa na orodha ya vitu vyote alivyokuwa navyo siku ile: kitanda kimoja, godoro moja, redio moja mbovu, baiskeli moja, suti moja. Kulikuwa na orodha ya wanaomdai. Wa mwisho ni mama yake mzazi, na mbele ya kiasi, mahali ambapo wengine waliandika madai yao, pameandikwa: hadai. Shahidi wa hati alikuwa kaka yake, yuleyule aliyesimama harusini akasema kwamba familia yao haina siri.

Kwa hiyo walijua wote. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikufa anajua. Shemeji anajua. Labda hata wale wake wa mashemeji waliokuwa wanakaa naye jikoni wakimenya vitunguu. Aliyeachwa gizani ni yeye peke yake, aliyelala naye kitanda kimoja.

Kisha likamjia lile lililomfanya avute kiti akae. Tangu waoane, kila kitu kilikuwa kwa jina lake yeye. Mkataba wa nyumba, akaunti ya benki, kiwanja kidogo cha nje ya mji, hata friji. "Wewe ndiye mwenye nyumba," Fundi alikuwa akisema, akimsogezea kalamu. Dada zake walimwonea wivu. Naye alikuwa amewasimulia hayo misibani na kwenye sherehe, kwa sauti ya mtu asiyejisifu, kwamba wako wanaume wanaojua kupenda.

Karani alikuwa anamtazama. Inawezekana ameziona nyuso za namna ile nyingi kuliko alivyopenda. Hakuuliza kama ni yeye au si yeye.

"Umefika mwisho?" alisema.

"Yanatosha haya."

"Fika mwisho, dada. Ulilipia jalada zima."

Alifunua kwa sababu aliambiwa, bila kusoma. Ripoti za msimamizi wa mali, hesabu za mnada wa yale majokofu, wadai kugawiwa kidogo kidogo. Halafu, nyuma kabisa, karatasi moja ngumu kuliko nyingine, yenye mhuri mwekundu, imeshikizwa kwa pini iliyooza kwa kutu. Mahakama, baada ya kuona kwamba mdaiwa hakuficha mali wala hakudanganya, inamwondolea ufilisi tangu leo. Leo hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Chini yake kulikuwa na bahasha iliyorudi kutoka posta. Ilikuwa imetumwa kwenye anwani ya duka la majokofu, na mtu ameandika juu yake kwa kalamu: mpokeaji hayupo.

"Hii ni ile halisi," karani akasema, akiigusa kwa kidole. "Hakuja kuichukua. Ndiyo maana wenye orodha zao hawajamfuta. Hakuna aliyewapelekea."

"Kwa hiyo hadaiwi?"

"Miaka saba hadaiwi na mtu yeyote hapa duniani. Lakini halisi sikupi wewe. Aje mwenyewe asaini."

Mama Kidosho alipita langoni bila kuukumbuka mkasi. Askari ndiye aliyemkimbilia nao mpaka barabarani.

Alingoja Kidosho akapige mswaki na kulala. Hakupika maneno. Alimwambia Fundi kwamba ameliona jalada, ameona kitanda kimoja na redio moja mbovu. Fundi alikuwa amesimama, akakaa. Kwa dakika kadhaa alizungushazungusha bisibisi kwenye kiganja chake.

Alieleza, kwa sauti ya chini na bila mpangilio. Kwamba alitaka kumwambia kabla ya harusi, mama yake akamkataza, akasema hakuna baba atakayempa binti mtu wa namna hiyo. Kwamba baadaye alitaka kumwambia alipokuwa mjamzito, akaogopa. Kwamba kila mwaka uliopita uliufanya mwaka unaofuata kuwa mgumu zaidi. Kwamba barabara inayopita mbele ya Mahakama Kuu hajawahi kuipita tangu siku ile aliyotangazwa kufilisika; akiwa na mzigo wa kupeleka upande ule huzunguka kwa nyuma, mafuta yakimgharimu mwenye gari.

Mkewe alimwacha amalize, kisha akamwambia kuhusu karatasi ya mhuri mwekundu. Ilibidi aseme mara mbili. Fundi alimtazama kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

"Miaka saba?" aliuliza.

"Ilikuwa imekaa tu pale. Inakungoja."

Aliufunika uso kwa mikono. Mama Kidosho hakumgusa. Alikuwa na swali moja, alikuwa amelibeba tangu mjini, na lilikuwa zito kuliko yote.

"Ulipokuwa unaandika kila kitu kwa jina langu. Ilikuwa ni kwa sababu hii?"

Angeweza kudanganya hapo, na mkewe angemshukuru, walau kwa usiku mmoja. Fundi aliiondoa mikono usoni.

"Mwanzo, ndiyo," alisema. "Wangekichukua chochote chenye jina langu."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilizoea. Sikufikiri tena."

Mama Kidosho akainuka, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Walikwenda pamoja siku mbili baadaye, ikiwa imesalia wiki mwezi kuisha. Fundi alivaa shati la usaili. Njiani hawakuzungumza ila kuhusu nauli. Mbele ya lango alisimama, akarekebisha kola, akarekebisha tena, mpaka mkewe akatangulia kuingia, naye akafuata.

Karani alifungua kitabu cha kukabidhi hati, akamwonyesha mstari. Alimuuliza kitambulisho, akalinganisha namba. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbona hakuja siku zote hizo.

"Niliogopa kuuliza," Fundi akasema.

Karani akatikisa kichwa kidogo kama kwamba jibu hilo nalo lina mahali pake pa kuandikwa. Fundi alisaini. Wakalipia nakala mbili zilizothibitishwa, zikapigwa mhuri mbele yao, halisi ikaingia kwenye bahasha mpya. Kazi yote haikufika robo saa.

Nje, juu ya ngazi za mahakama, alipiga simu kampuni ya maghala. Mkewe alisimama karibu, akisikia sauti ya kike upande wa pili lakini si maneno. Fundi alijitambulisha, akasema ameshapata uthibitisho, analeta sasa hivi. Akasikiliza. Akasema anaelewa. Akasema hapana, ni kweli, hakuwajulisha. Akashukuru mara mbili, akakata.

"Walisubiri zile siku saba," alimwambia. "Walipoona kimya wakampa mwingine. Ameanza Jumatatu."

"Uliniambia uliwajibu."

"Sikuwajibu. Nilikudanganya."

Mama Kidosho aliiangalia saa. Kulikuwa na madirisha ishirini na mawili yaliyobaki, na bosi alikuwa amesema leo asipotokea adhuhuri atamtafuta mshonaji mwingine. Alitaka kumwambia mumewe neno moja kali, alilokuwa nalo tayari mdomoni. Aligeuka ili amwambie, akakuta hayupo kwenye kimo chake. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, bahasha imebanwa kifuani kwa mikono yote miwili, na mabega ya shati la usaili yalikuwa yanatetemeka. Mtu wa miaka arobaini na mitatu, katikati ya njia ya mawakili na mapolisi na washtakiwa na ndugu zao, analia bila kujificha kwa sababu hana pa kujificha.

Watu walianza kutazama. Kijana mmoja mwenye mafaili alipunguza mwendo ili aone vizuri.

Mama Kidosho hakuwa amemsamehe. Hakujua kama atamsamehe mwezi ujao au mwaka ujao. Alishuka ngazi moja, akasimama mbele yake, akamgeuzia mgongo, akautanua mkoba wake wa kazi kwenye nyonga na gauni lake pana, mpaka waliokuwa wanapita wakamwona yeye tu, mwanamke aliyesimama anangoja kitu. Kijana wa mafaili alipomkodolea macho, naye akamkodolea, mpaka akaondoka.

Alisimama hivyo mpaka adhuhuri ikapita.